Nyawira wa Wamae, Aliyezikwa kwa Sahihi za Mawakili

Waombolezaji, kabla sijaanza, tazameni ukurasa wa kwanza wa programu mliyoshika. Imeandikwa "Marehemu Nyawira Gathogo". Jina hilo liliamuliwa na mawakili wawili mjini Nyeri, pamoja na mahali kaburi hili lilipochimbwa, hapa Gakindu, Mukurweini, kwenye shamba la mume aliyekuwa ameachana naye. Sisi watu wa Giakanja, nyumba aliyozaliwa, tuliachiwa kitu kimoja tu, kusoma wasifu. Mimi ni Tabby, mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye niliyeuandika. Makubaliano ya mawakili yanasema nisimtukane mtu. Nimeyasoma mara nyingi kuliko Zaburi, na sitamtukana mtu. Lakini nina hasira, na hakuna mahali yanaposema nisome nikitabasamu.

Nyawira alizaliwa tarehe 3 Mei 1979, Giakanja, huko Tetu, akiwa kifungua mimba wa mzee Wamae na marehemu mama yetu, Wakiuru. Alipewa jina la mama yake baba, kama ilivyo desturi yetu. Mwaka aliofikisha miaka saba, mbuzi wetu alizaa mwezi wa Julai, wakati ule wa ukungu na baridi ya kuumiza mifupa, na yule mtoto wa mbuzi akawa anatetemeka. Nyawira alichukua gunia la sukari, akalikata matundu ya miguu, akalishona kwa uzi wa gunia. Asubuhi mbuzi akaenda malishoni amevaa koti. Majirani walikuja kutazama. Waliokuwa wakienda sokoni walisimama kwenye ua wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakauliza kama mbuzi wa Wamae anaenda kanisani. Mbuzi yule hakuuzwa wala hakuchinjwa. Baba alijaribu mara moja, Krismasi, na Nyawira akaenda kulala zizini mpaka kisu kikarudishwa jikoni.

Alisoma shule ya msingi Giakanja na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1993, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1997. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Wasichana waliosoma naye, na nawaona wengine wao hapa, watakumbuka kwamba sketi ikifumuka hawakupeleka nyumbani, walimpelekea Nyawira wakati wa mapumziko. Mwaka wa 1998 alijiunga na chuo cha ushonaji mjini Nyeri, akahitimu mwaka uliofuata.

Alifanya kazi kwa fundi mmoja mjini, kisha mwaka wa 2004 akafungua duka lake hapa sokoni Gakindu, la kushona sare za shule. Watoto wengi waliosimama nyuma ya hema hili wamevaa kazi ya mkono wake hadi leo. Alikuwa na tabia ya kuacha pindo refu kwenye kila sketi na kila suruali, ili mtoto akirefuka mzazi ateremshe pindo badala ya kununua nyingine. Mafundi wenzake walimwambia anajiharibia biashara. Yeye aliwajibu kwamba mtoto hana makosa kurefuka.

Ndoa. Aya hii mawakili wameisoma zaidi ya zote, kwa hiyo nitaisoma polepole. Tarehe 8 Desemba 2001, baada ya mbuzi wa mahari kuletwa kwetu, ngurario ilifanyika Giakanja, ile siku ambayo wazee hukata nyama na ndoa ikakamilika mbele ya nyumba mbili. Gathogo alikuja na watu wake wakiimba kuanzia barabarani. Miaka ya mwanzo walipendana. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Duka la sokoni Gathogo alilijenga kwa mikono yake, na mtoto wao wa pekee, Wachuka, alizaliwa mwaka wa 2003 na kupewa jina la mama yake Gathogo. Mwaka wa 2018, watu walipohimizwa kusajili ndoa za kimila, walikwenda pamoja wakachukua cheti.

Mwezi wa Februari 2020 Nyawira alirudi Giakanja kwa miguu kutoka stendi. Nimeombwa nisieleze kwa nini aliondoka kwake. Sawa. Nitaeleza tu kwamba alikuwa ameshika kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na jino lake.

Baba alimpeleka kwa wakili, kwa sababu baba ni mtu anayeheshimu waliosoma. Wakili Gikonyo yuko hapa, hema la mbele, na tumemshukuru kwa kuja. Ni mzee wa kanisa, ni mtu mwema, na wema wake ndio unaoniudhi zaidi. Nyawira alikwenda kwake kutafuta talaka. Wakili aliweka kalamu chini akamwambia, "Mama Wachuka, kwanza tuongee kama Wakristo. Hii mambo ya korti tuweke kando kidogo." Akampigia Gathogo simu, akawaita wote wawili ofisini, akawaketisha kwenye kochi moja. Dada yangu hakuulizwa hata siku moja, akiwa peke yake, kama alikuwa anamwogopa yule mtu aliyeketi karibu naye.

"Gathogo, mshike mkono," wakili alisema.

Gathogo akamshika mkono. Nyawira aliniambia alitazama dirishani wakati wote, akihesabu mabati ya nyumba za ng'ambo ili asilie. Wakili alifurahi. Aliwapa kazi ya kufanya nyumbani, kwamba kila Jumapili baada ya kanisa wale chakula cha mchana pamoja hapa Gakindu, na Nyawira apike mukimo ambao mume wake anapenda. Nyawira alitii. Kulikuwa na Jumapili kadhaa za mukimo. Nimeahidi kutotukana, kwa hiyo nasema tu kwamba Jumatatu baada ya Jumapili ya mwisho hakuweza kushika mkasi kwa mkono wa kulia.

Alirudi kwa wakili akiwa ameufunga mkono. Nilikuwa pamoja naye siku hiyo, nilimsikia. Alimuuliza, "Wakili, wewe ni wakili yangu ama ni pasta yangu?"

Wakili Gikonyo akacheka kwa upole. "Niko yote mawili, mama. Sisi hatuvunji nyumba za watu ovyo ovyo."

Msinielewe vibaya. Sisemi wakili asipatanishe watu. Kuna wanandoa wanaopanda ngazi za wakili kwa sababu ya maneno ya shemeji, au shamba kulimwa bila kuulizana, na wakili akiwapa chai na kuwarudisha nyumbani amefanya kazi ya Mungu. Ni bora huyo mara mia kuliko yule anayechochea moto ili kesi iwe ndefu. Lakini kupatanisha ni kazi yenye watu wake waliojifunza, na jambo la kwanza wanalofanya ni kumtenga kila mmoja na kumwuliza unalala vipi, unaogopa nini. Wakili Gikonyo hakujifunza hayo. Alijifunza sheria, na siku ambayo dada yangu alihitaji sheria yeye alifungua Biblia. Halafu, siku tuliyohitaji asikilize desturi zetu, akafungua sheria. Nitawaeleza.

Nyawira alikataa kurudi Jumapili nyingine. Alikodi chumba mtaa wa Majengo, mjini Nyeri, karibu na msikiti, akaweka cherehani yake mlangoni, akaendelea kushona sare, na kwa majirani Waislamu akashona kanzu na mabuibui. Jirani yake wa mlango wa pili, Kafia, anayeuza vitambaa, ndiye aliyempelekea wateja wa kwanza. Kafia yuko hapa leo. Daftari la waombolezaji pale mlangoni limemwandika "rafiki". Mimi ningemwandika dada.

Hatimaye, mwaka wa 2021, wakili akakubali kupeleka kesi ya talaka mahakamani. Ndipo baba akaamka asubuhi moja ya mwezi wa Juni, akatenga mbuzi zizini, akawaita wazee wawili wa rika lake. Kwetu, vijana msiojua, mbuzi wa mahari ndio waliofunga ndoa, na nyumba ya msichana ikiwarudisha, ndoa imefunguliwa, wala hakuna mzee katika milima hii atakayesema yule bado ni mke wa mtu. Baba alikuwa anafanya alichofanyiwa shangazi yetu zamani. Lakini kwa kuheshimu waliosoma, alimpigia wakili simu kwanza. Alikuwa ameweka simu kwenye spika kwa sababu masikio yake si mazuri, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mzee, hizo mbuzi zirudishe kwa boma haraka sana," alisema Wakili Gikonyo.

"Kwa nini?"

"Ukirudisha mbuzi, ule upande mwingine watasema msichana amejitoa mwenyewe, ati hana haki kwa hiyo plot ya Gakindu walijenga pamoja. Halafu ndoa iko na cheti. Hakimu hajui mbuzi, mzee. Anajua karatasi."

"Mimi najua mbuzi," baba alisema.

"Hiyo najua. Lakini sasa tuko kwa korti."

Baba alisimama pale uwanjani, simu mkononi, wazee wenzake wakimtazama. Kisha akawarudisha mbuzi zizini shingo upande. Wazee wakanywa chai wakaenda zao.

Baada ya hapo dada yangu alipigwa danadana. Faili ikapotea, ikapatikana. Hakimu akahamishwa. Wakili wa Gathogo, Wakili Lynn, ambaye pia yuko hapa, akaomba muda, akapewa, akaomba tena. Mahakama nayo ikawaambia warudi kwenye usuluhishi, na Wakili Gikonyo akasimama kusema kwamba upande wetu hauna pingamizi, kwa sababu yeye binafsi anaamini katika familia. Nyawira alikuwa nyuma yake. Alisimama akasema, "Mimi niko na pingamizi." Akaambiwa aketi, kwamba ana wakili wa kumsemea.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa mwaka wa 2023. Chakula kilianza kumkwama kooni, kwanza ugali, kisha githeri, kisha hata ndizi zilizopondwa. Mwezi wa Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa Nyeri na baadaye Nairobi, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya waliloweza. Nyumbani, Majengo, Kafia alimpikia uji akauchuja kwa shashi mpaka ukawa kama maziwa. Alimketisha kitandani akimbembeleza, "Mama Wachuka, meza hii moja tu, halafu nitakuacha upumzike." Akimeza, Kafia anasema, "Sasa moja ya Wachuka." Kila kijiko kilikuwa cha mwisho, na kila mara kulikuwa na kingine. Nyawira alicheka mpaka siku ambazo kucheka kulimuumiza.

Aliendelea kushona akiwa amekaa juu ya mto. Sare za Januari mwaka huu alizimaliza zote, na pindo zake zilikuwa ndefu vilevile.

Mwezi wa Aprili 2025 nilimshika mkono tukapanda ngazi za Wakili Gikonyo kwa mara ya mwisho. Sauti ilikuwa imekwisha, alisema kwa kunong'ona. "Wakili, andika hii. Nikikufa, sitaki kuzikwa Gakindu. Nipelekwe kwa baba."

Wakili Gikonyo akaondoa miwani. "Mama, usiongee hivyo. Hiyo ni kukosa imani. Mungu wetu anaponya. Hebu tuombe."

Akaomba. Aliomba vizuri, kwa machozi, akitaja majina yetu sote. Mimi sikufumba macho. Kalamu ilikuwa pale mezani, karatasi ilikuwa pale mezani, karani alikuwa chumba cha pili na angeweza kuwa shahidi. Dada yangu alikuwa amekwenda kwa wakili kuomba kitu ambacho wakili peke yake ndiye aliyestahili kumfanyia, na akapewa kitu ambacho hata mimi ningeweza kumpa kitandani kwake. Maombi yalipokwisha Nyawira alisema "Amina" kwa adabu. Hatukuandikiwa chochote siku hiyo wala siku nyingine.

Nyawira aliaga dunia tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, katika chumba chake Majengo. Tulikuwa naye Wachuka, Kafia na mimi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Kwa macho ya serikali, na ya kanisa, na ya desturi, alikufa akiwa mke wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimkimbia.

Tulichimba kaburi Giakanja, karibu na mama. Siku moja kabla ya mazishi ililetwa amri ya mahakama kuyasimamisha, kwamba mume ndiye mwenye haki ya kumzika. Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi bila kitu, kwa hiyo ndugu yetu Ben akakata mgomba, tukauteremsha, tukaufukia. Baba, akiwa na miaka zaidi ya themanini, alisimama akatazama mgomba ukizikwa mahali pa mtoto wake. Wale mnaouliza kwa nini hasemi na mtu leo, ndio hapo alipoacha kusema.

Baada ya hapo alisema mara moja tu, mahakamani. Wakili Lynn alimuuliza baba akiwa amekula kiapo. Hakumpigia kelele. Alimuuliza kwa heshima, kama mtoto anavyoongea na babu yake.

"Mzee Wamae, pole sana kwa msiba. Niko na swali moja tu. Zile mbuzi za mahari, mlirudisha?"

"Hatukurudisha."

"Kwa hivyo kwa mila yenu, mpaka anakufa, huyu alikuwa bado bibi ya Gathogo?"

Baba alimtazama Wakili Gikonyo. Wakili Gikonyo alikuwa anapanga karatasi zake. Baba hajawahi kudanganya akiwa ameshika Biblia, na hakuanza siku hiyo.

"Kwa mila, ndiyo," alisema.

Hakimu ambaye tuliambiwa hajui mbuzi akainamisha kichwa, akaandika. Siku hiyo aliwajua mbuzi vizuri sana.

Mimi na Kafia tulieleza alichosema Nyawira kuhusu kuzikwa kwake. Tukaulizwa kama kuna mahali palipoandikwa. Mnajua jibu.

Kabla ya uamuzi, mawakili walitoka nje wakaongea, wakarudi na karatasi. Gathogo azike Gakindu. Jina la programu liwe la mume. Giakanja wasome wasifu. Ben alitaka tuendelee kupigana. Ni Wachuka aliyetusimamisha. Alisema, "Anti, mama amekaa mochari kwa hiyo baridi ya kutosha." Hakuna wakili aliyekuwa amesema neno lenye akili kama hilo tangu mwaka wa 2020. Tukatia sahihi.

Gathogo, nimekuona ukilia tangu asubuhi. Naamini machozi yako. Ulimpenda siku za kwanza na huenda unampenda leo, kwa kuwa leo hawezi kuondoka. Wakili Lynn, wewe ulifanya kazi yako, na ninakuchukia kwa kuifanya vizuri. Wakili Gikonyo, wewe ulifanya kazi ya kila mtu isipokuwa yako. Ukirudi ofisini, na mwanamke mwingine akaja na kitambaa mkononi, mwulize kilicho ndani kabla hujamwita mume wake. Haya si matusi. Someni makubaliano.

Marehemu ameacha baba yake, mzee Wamae. Binti yake, Wachuka. Ndugu zake, Ben na mimi Tabby. Dada yake wa Majengo, Kafia. Na watoto wengi wa Mukurweini na Nyeri ambao pindo zao bado hazijateremshwa.

Aya iliyobaki haimo kwenye programu. Katika makubaliano yale marefu, yenye sahihi na mihuri, mawakili waliandika kuhusu mwili, jeneza, jina, msalaba, maua na maneno ya mdomo wangu. Hawakukumbuka kuandika chochote kuhusu mbuzi. Asubuhi hii, mlipokuwa mkiimba wimbo wa pili, Ben aliteremsha mbuzi kutoka kwa pikapu. Wamefungwa kwenye lango lako, Gathogo. Ni uzao wa wale wa mahari, na wengine wa kujazia idadi. Baba aliwachagua mwenyewe, na wazee wake wawili, wale wale wa Juni, wamesimama nao. Wazee mliopo hapa mtajadili kama mahari hurudishwa mwanamke akiwa jenezani. Jadilini mpaka jioni. Mbuzi wameshafika, na watu wote hawa wamewaona.

Kaburi ni lako, shamba ni lako, na karatasi ni zako. Yeye si wako. Nenda ukapokee kamba za mbuzi, halafu mteremsheni dada yangu polepole, na apumzike kwa amani, Nyawira binti Wamae.